Moto wa Tumbo: Kiungulia na Kuvimbiwa kwa Jicho la Ayurveda



Mada niliyopewa leo ni kiungulia na kuvimbiwa, na namna matabibu wa Ayurveda wa India wanavyoyaeleza maradhi hayo mawili. Karibu kila mtu mzima anayajua kwa mwili wake: kifua kinawaka baada ya kula, maji machungu yanapanda kooni, tumbo limejaa gesi, na mtu anacheua uchachu mchana kutwa. Wengi wetu humeza kidonge cha duka la dawa na kuendelea na shughuli.

Ayurveda nayo ina dawa zake, tena nyingi. Lakini mgonjwa wa asidi akiingia kwa tabibu wa Ayurveda aliyesoma vizuri, maswali ya kwanza huwa juu ya mlo: umekula nini, saa ngapi, kiasi gani, na kile cha kabla yake kilikuwa kimeshuka? Hoja yangu leo ni fupi. Sehemu iliyo imara ya mafundisho haya ni ile inayohusu ulaji. Sehemu inayotaka tahadhari ni ile inayouzwa kwenye chupa na vifurushi. Wanunuzi wengi huchukua ya pili na kuiacha ya kwanza.

Elimu yenyewe

Ayurveda ni elimu ya tiba iliyoandikwa kwa Kisanskriti. Vitabu vyake vikuu vya kale ni Charaka Samhita, kinachohusu zaidi magonjwa ya ndani, na Sushruta Samhita, kinachosifika kwa upasuaji. Cha Charaka ni kazi ya vizazi: mapokeo yanasema Agnivesha aliandika cha awali, Charaka akakihariri, na baadaye Dridhabala akajaza sehemu zilizokuwa zimepotea. Baada yao alikuja Vagbhata, aliyeikusanya elimu hiyo kwa ufupi katika Ashtanga Hridaya. Kisha Madhava akatunga kitabu kizima cha kutambua magonjwa, Madhava Nidana, mnamo mwaka 700 hivi. Ninamtaja Madhava kwa sababu yeye aliutengea ugonjwa wa asidi sura yake, jambo ambalo Charaka hakulifanya ingawa dalili zake alizijua.

Elimu hii ingali hai. Nchini India daktari wa Ayurveda husomea shahada ya miaka mitano na nusu, pamoja na mafunzo ya vitendo hospitalini. Tangu 2014 kuna wizara kamili ya tiba za asili, Wizara ya Ayush. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba asili mjini Jamnagar, katika jimbo la Gujarat. Jamnagar uko kwenye rasi ya Kathiawar, na kutoka pwani hiyo na ile jirani ya Kutch walikuja kwa majahazi wafanyabiashara wengi waliohamia Unguja na Mombasa. Mvuje, uwatu, iliki na bizari zilizomo katika majiko ya pwani yetu zimeandikwa katika vitabu vya Ayurveda kama vyakula na kama dawa.

Moto na hali zake nne

Msingi wa maelezo yote ni agni, yaani moto. Matabibu hawa wanahesabu mioto 13 mwilini: mmoja wa tumboni, 5 inayoshughulikia asili tano za kila kitu, na 7 ya tishu za mwili, kuanzia majimaji ya lishe hadi mbegu ya uzazi. Ule wa tumboni, jatharagni, ndio mkuu. Ukiwa sawa, mingine yote hupata riziki yake. Ukiharibika, mtu hukonda au hunenepa vibaya hata akila chakula kizuri.

Sambamba na moto kuna nguvu tatu zinazoitwa dosha. Vata ni mwendo na ukavu, pitta ni joto na ukali, kapha ni uzito, ubaridi na unyevu. Wasikilizaji wa pwani mliolelewa mkiambiwa kwamba chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi hamtapotea hapa, kwa kuwa tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia Waarabu ina mpangilio unaokaribiana na huu.

Kila dosha ikizidi huugeuza moto kwa namna yake. Vata ikizidi, moto hauna msimamo: leo mtu anasaga kila kitu, kesho tumbo limejaa gesi na choo kimegoma. Pitta ikizidi, moto huwa mkali: mtu anamaliza sahani na muda si muda ana njaa tena, na koo linakauka. Kapha ikizidi, moto hufifia: kipande kidogo cha mkate kinakaa tumboni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hali ya nne ni moto uliotulia, na hiyo ndiyo inayotafutwa.

Kwa maelezo hayo, mtu angedhani kiungulia ni moto uliozidi, kwa hiyo dawa ni kuuzima. Charaka anatuonya. Anapoeleza ugonjwa wa tumbo unaotokana na pitta, anasema pitta ikizidi huweza kuuzima moto wa tumbo, kama maji ya moto yanavyozima moto ingawa yenyewe yana joto. Pitta ni ya moto lakini pia ni majimaji. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ukali kifuani na papo hapo chakula chake hakisagiki: kinachacha nusu njia. Ndiyo maana matabibu hawa hawaoni ajabu mgonjwa mmoja kulalamika kwamba anaungua na kwamba amevimbiwa.

Kuvimbiwa kwa aina tatu

Kutosagika kwa chakula huitwa ajirna, na kilichobaki bila kusagika huitwa ama, ambacho wanakihesabu kuwa chanzo cha maradhi mengi. Sushruta anatofautisha aina tatu kuu.

Ya kwanza ni ya kapha. Tumbo zito, kichefuchefu, mate mengi, na mcheuo wenye ladha ya chakula kilekile kilicholiwa. Shauri lake ni kuacha kula mpaka njaa yenyewe irudi. Ya pili ni ya pitta. Kiu, kizunguzungu, jasho, na mcheuo mchachu wenye kuunguza. Hii ndiyo jamaa ya kiungulia. Matabibu wa kale walimtapisha mgonjwa wa aina hii, tiba ambayo mtu asithubutu kujifanyia nyumbani. Ya tatu ni ya vata. Tumbo limefura, linakata, na upepo hautoki. Huyu hukandwa kwa joto.

Faida ya mgawanyo huu ni kwamba unakataza dawa moja kwa watu wote. Tangawizi na pilipili manga, zinazomsaidia mwenye moto uliofifia, humchoma mwenye kiungulia. Mgonjwa anayemuuliza jirani alitumia nini, akaenda kununua hichohicho, ameruka hatua ya kwanza ya tiba.

Amlapitta

Ugonjwa wenyewe wa asidi unaitwa amlapitta, pitta iliyochacha. Madhava anaorodhesha dalili zake: chakula kutosagika, uchovu usio na kazi, kichefuchefu, mcheuo mchungu au mchachu, mwili kuwa mzito, kifua na koo kuwaka, na kukosa hamu ya kula. Anagawa ugonjwa katika njia mbili, unaopanda na unaoshuka. Unaopanda huleta matapishi machachu na kuungua. Unaoshuka huleta choo kisicho cha kawaida, kiu na kizunguzungu.

Visababishi anavyovitaja ni vyakula visivyopatana, vilivyoharibika, vichachu mno, na vyenye kuunguza. Juu ya hayo anasema ugonjwa ukiwa mpya hutibika kwa juhudi, lakini ukikaa muda mrefu unakuwa wa kutunzwa tu, na kwa wengine ni mgumu kabisa. Daktari yeyote wa leo anayemhudumia mtu aliyeishi na kiungulia kwa miaka kumi atayakubali maneno hayo bila kubishana.

Chakula cha mgonjwa wa amlapitta kimeelezwa kinagaubaga: choroko, shayiri, ngano, mchele wa zamani, karela, komamanga, samli kwa kiasi, maji ya nazi. Vya kuachwa ni pombe, maziwa mgando, ufuta, pilipili, vitunguu saumu, na vyakula vilivyochachuliwa. Kanuni iliyo nyuma yake ni ladha sita. Chachu, chumvi na kali huongeza pitta. Tamu, chungu na ya kukakasa huipoza. Kwa nini basi komamanga na amalaki, matunda yenye uchachu, yameruhusiwa? Charaka aliyatoa kwenye kanuni kwa makusudi, akisema haya mawili hayaongezi pitta kama vichachu vingine.

Namna ya kula

Hapa ndipo penye hazina. Katika sehemu ya kitabu chake iitwayo Vimana-sthana, Charaka anataja mambo 8 ya kuangaliwa kabla ya kuhukumu chakula: asili yake, kilivyopikwa, kilichochanganywa nacho, kiasi, mahali kilipotoka na mlaji anapoishi, wakati, adabu za kula, na mlaji mwenyewe. Chakula chenyewe ni moja tu kati ya manane.

Juu ya kiasi, anataka tumbo ligawanywe sehemu tatu: moja ya chakula kigumu, moja ya majimaji, na moja iachwe wazi ili dosha zifanye kazi yake. Waislamu mliomo humu mmeshayakumbuka mafundisho ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mafundisho mawili yaliyozaliwa mbali yamefikia kipimo kimoja, na bado tunasimama mezani tukiwa tumelegeza mikanda.

Juu ya wakati, kosa linalokemewa kuliko mengine linaitwa adhyashana: kula tena kabla ya mlo uliotangulia kusagika. Tazameni usiku wetu wa Ramadhani. Mtu anafuturu kwa uji, tambi, viazi vya nazi na sambusa. Baada ya tarawehe analetewa wali na nyama. Saa nane anaamshwa kwa daku, kisha anajilaza na tumbo limejaa. Asubuhi anasema saumu imemletea asidi. Saumu haina kosa hapo. Alama za mlo uliokwisha kusagika zimeandikwa: mcheuo usio na ladha, mwili mwepesi, choo kilichopita vizuri, njaa na kiu vya kweli. Asiyeziona alama hizo asubiri.

Juu ya adabu, Charaka anataka chakula kiwe cha moto na chenye mafuta kidogo, kiliwe mahali panapopendeza, pasipo haraka na pasipo kuchelewesha, bila gumzo na bila vicheko, moyo ukiwa kwenye kula. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa mwandishi wa kale: hata chakula kizuri, kwa kiasi kizuri, hakisagiki kwa mtu mwenye wasiwasi, huzuni, hofu au hasira, wala kwa anayelala vibaya au kukesha.

Sayansi ya leo inasemaje

Tumbo la mtu mzima hutoa lita 2 hivi za majimaji kila siku, yenye asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo ina kazi: inaua vijidudu vinavyoingia na chakula, na inaiwezesha pepsini kuanza kuvunja protini. Ukuta wa tumbo umejikinga kwa ute. Umio hauna kinga kama hiyo. Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya mlango. Ukilegea wakati usiofaa, asidi hupanda, na hicho ndicho kiungulia. Kwa wagonjwa wengi, basi, shida iko kwenye mahali asidi ilipofika kuliko kwenye wingi wake. Msuli huo hulegezwa na mlo mkubwa, mafuta mengi, pombe na tumbaku. Unene na ujauzito huongeza msukumo kutoka chini, na kulala mara baada ya kula huiondolea asidi kizuizi cha mvutano wa dunia.

Wekeni maelezo hayo kando ya yale ya Charaka. Theluthi iliyoachwa wazi na kutorundika chakula juu ya chakula: yote mawili yanakwenda sambamba na ushauri ambao daktari wa leo humpa mgonjwa, pamoja na kupunguza uzito na kuinua upande wa kichwa wa kitanda. Hata suala la wasiwasi limepata nafasi yake. Wako wagonjwa wengi wa kuvimbiwa ambao kipimo cha kuingiza kamera tumboni hakioni kidonda wala uvimbe, na madaktari wanajua kwamba mawasiliano ya ubongo na tumbo yana mkono katika mateso yao.

Lakini mahali pengine njia zinaachana, na lazima niseme wazi. Vata, pitta na kapha ni lugha ya kupanga dalili. Hakuna maabara inayoweza kuzipima. Na vitabu vya kale havikujua bakteria. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waligundua bakteria anayeishi ndani ya tumbo, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao kwa hiari ili kuthibitisha hoja yake, akaugua tumbo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo tunajua kwamba bakteria huyo husababisha vidonda vingi vya tumbo na huongeza hatari ya saratani ya tumbo, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye maambukizi mengi. Huyu hatoki kwa choroko wala kwa maji ya nazi. Anatolewa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa dozi iliyokamilishwa.

Dawa za Ayurveda: zipi na kwa tahadhari gani

Baadhi ya dawa za Ayurveda za asidi zinaeleweka hata kwa kemia ya shuleni. Majivu ya kombe, yaitwayo shankha bhasma, ni ya jamii ya chokaa, na chokaa hupunguza makali ya asidi. Vidonge vya kutafuna vya duka la dawa vingi vimetengenezwa kwa chokaa hiyohiyo ya kalisiamu. Nyingine zinataka kusomwa vizuri. Unga maarufu wa Avipattikara una karafuu nyingi, una mzizi wa trivrit ambao ni haluli, na sehemu yake kubwa ni sukari. Karafuu za Unguja na Pemba zimepelekwa Bombay tangu karne ya 19, kwa hiyo harufu ya unga huo haitakuwa ngeni kwenu. Lakini mwenye kisukari anayeulamba kila siku ajue analamba nini, na mjamzito asiuguse bila kumwuliza daktari. Mzizi mtamu wa yashtimadhu, ambao Waarabu huuita sus, ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu.

Liko kundi la tatu, lenye madini. Sutashekhara rasa, dawa ya asidi inayojulikana sana India, hutengenezwa kwa zebaki na salfa pamoja na vitu vingine. Wafuasi wake wanasema zebaki hiyo imesafishwa kwa taratibu ndefu. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi haiulizi kama imeletwa na mganga au na fundi rangi. Inaharibu ubongo wa mtoto vilevile.

Wala vidonge vya hospitali haviachwi bila swali. Omeprazoli na ndugu zake zinazopunguza asidi ni dawa nzuri zikiandikwa kwa sababu na kwa muda maalumu, lakini zikimezwa miaka na miaka bila uangalizi huweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Na mtu anayemeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kila siku, kisha akatafuta dawa ya asidi, anapaswa kwanza kumweleza daktari juu ya hivyo vidonge, kwa maana vyenyewe huweza kutoboa tumbo.

Lini usingoje

Zipo dalili ambazo hazitibiwi kwa mlo, kwa unga wala kwa kidonge cha dukani: kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, chakula kukwama wakati wa kumeza, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, na kiungulia kinachoanza ukubwani kwa nguvu kwa mtu ambaye hakuwahi kukijua. Maumivu ya kifua yanayokwenda kwenye mkono au taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yasiitwe asidi hata kidogo. Huo waweza kuwa moyo, na dakika zina thamani.

Mwisho

Mabibi na mabwana, nimewapitisha kwenye vitabu vya zamani na kwenye maabara ya leo. Hukumu yangu ni hii. Ayurveda haikujua bakteria, na baadhi ya dawa zake zina sumu ambayo hakuna jina la heshima linaloweza kuifanya salama. Lakini katika jambo moja iliona vizuri: kwamba tumbo huugua mara nyingi kwa namna mtu anavyokula, zaidi ya kile anachokula. Shauri hilo ni la bure, halina madhara, na mtu anaweza kulianza usiku huu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kuleni chakula cha usiku mapema, muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala, na acheni theluthi ya tumbo. Msile tena mpaka njaa ya kweli imerudi. Na kiungulia kikizidi wiki mbili au tatu licha ya hayo, nendeni kituo cha afya mkapimwe bakteria, mkiwa na orodha ya kila dawa mnayotumia, ya hospitali na ya miti shamba, bila kumficha daktari hata moja.